Motokaa Ndogo ya Familia na Pikapu: Tuchague kwa Hesabu



Somo letu safari hii linahusu jambo ambalo kila mmoja wetu huliona barabarani, lakini ni wachache waliokaa wakauliza sababu yake. Zamani mtu akisema "motokaa", aliyemsikiliza aliwaza gari dogo la milango minne, lenye nafasi ya watu watano, na buti la kufungia mizigo mkiani. Gari hilo huitwa saluni. Lilikuwa gari la daktari, la mwalimu mkuu aliyejinyima miaka mingi, na gari la arusi. Leo ukisimama Njia Panda ya Nduta ukahesabu yanayopita, utaona pikipiki, malori, mabasi, pikapu, Land Cruiser, Noah na Probox. Saluni zenyewe utazihesabu kwa vidole.

Jambo hili si la wenye magari peke yao. Kwa familia nyingi, na hata kwa vikundi vya wakulima na vya akina mama, gari ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote watakavyonunua maishani, ukiacha nyumba. Likinunuliwa lisilofaa, akiba ya miaka mingi hulala gereji huku nyasi zikiota chini ya magurudumu. Likinunuliwa linalofaa, mgonjwa hufika hospitali usiku na maharage hufika sokoni kabla bei haijashuka. Kwa hiyo yafaa tujue kwa nini saluni ilirudi nyuma, ili tutakapofika siku ya kuchagua tusichague kwa kufuata macho ya jirani.

1. Magari haya mawili yanatofautianaje?

Tuanze na jinsi yanavyoundwa. Pikapu ya kweli hujengwa juu ya chesisi, yaani nguzo mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kama ngazi iliyolazwa. Injini, chumba cha dereva na kasha la mizigo hufungwa juu ya ngazi hiyo. Nyuma, mara nyingi, huwekwa springi za vipande vya chuma bapa vilivyolaliana, ambazo huvumilia uzito mkubwa. Tumbo la gari huwa juu, nalo huvuka jiwe au tuta la udongo bila kuligusa. Nyingi pia zina gia ya kuendesha magurudumu yote manne, ambayo huwasaidia madereva wakati wa masika.

Saluni nyingi za siku hizi hazina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kama ganda la yai. Ujenzi huu hufanya gari kuwa jepesi, na gari jepesi hunywa mafuta kidogo, hushika barabara vizuri kwenye kona na husimama upesi breki zikikanyagwa. Lakini tumbo lake liko chini. Kwenye barabara yenye makorongo, sampu ya oili hugonga jiwe, na oili ikimwagika injini hufa dereva asipozima mara moja. Shokapu huchoka mapema, na vumbi huingia kila mahali.

Tukumbuke pia udhaifu wa pikapu. Ikiwa tupu, springi zake ngumu huirusha nyuma kwenye matuta, na magurudumu ya nyuma huweza kuteleza kwenye changarawe. Dereva aliyezoea kwenda na mzigo hushangaa siku anaporudi bila mzigo. Basi hakuna gari lililo bora kwa kila kazi. Kila moja lilibuniwa kwa ajili ya njia fulani na mzigo fulani.

2. Enzi za Peugeot

Wengine watasema kwamba saluni haikuwahi kufaa kwa barabara za Afrika. Historia inawapinga. Kuanzia mwaka 1953 yalifanyika mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally. Njia zake zilikuwa za vumbi na tope kama zetu. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu katika yote yaliyoanza, na la kwanza lilikuwa saluni, Peugeot 404, iliyoendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 yalimaliza tena magari 7 tu, na washindi wakawa wawili hao hao, katika 404. Katikati ya miaka hiyo, yaani 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, nao pia katika 404. Ndugu yake mdogo, Peugeot 504, aliyezaliwa mwaka 1968, alishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978.

Kwa nini Peugeot hizo ziliweza? Zilikuwa na springi ndefu na laini, ambazo ziliruhusu gurudumu kushuka shimoni na kupanda bila kuitikisa bodi nzima. Zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na tumbo lake halikuwa chini sana. Injini yake ilikuwa rahisi, fundi wa kijijini aliifahamu. Mtengenezaji alizipima kwa barabara mbaya, kisha akaziuza penye barabara mbaya. Gari la 504 liliunganishwa Kenya na Nigeria, na katika nchi nyingi za Afrika likawa teksi, gari la ofisi na gari la familia.

Hata hivyo tuangalie jambo moja. Peugeot hiyo hiyo iliuzwa pia ikiwa na kasha la mizigo nyuma, yaani pikapu, na pia ikiwa na bodi ndefu yenye safu tatu za viti. Wanunuzi wa Afrika Mashariki walizipenda sana sura hizo mbili. Tangu mwanzo, basi, mtu wetu alipoitazama saluni alijiuliza, "Mzigo nitauweka wapi?"

3. Kwa nini saluni ilirudi nyuma kwetu?

Zipo sababu nne, nazo zilifuatana.

Sababu ya kwanza ni mafuta. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilifuatwa na kupanda kwa bei ya mafuta ghafibu duniani zaidi ya mara tatu kwa miezi michache. Bei ilipanda tena baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979. Kwa Tanzania, mwaka huo ulikuwa pia mwaka wa vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikawa adimu. Katika miaka hiyo ya shida serikali ilizuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili mchana, ili mafuta yabaki kwa kazi za lazima. Gari la matembezi likaonekana kama anasa, na gari la mzigo kama chombo cha kazi.

Sababu ya pili ni uamuzi wa nchi juu ya kitu gani kijengwe kwanza. Kule Kibaha, kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania kwa vipande vilivyotoka Sweden. Kibaha hiyo hiyo, kituo cha Nyumbu kilibuni lori la kijeshi na la kazi lililopewa jina la mnyama huyo. Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 yakaonyeshwa magari machache yaliyoitwa Nyayo Pioneer. Yalikuwa magari madogo ya familia. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na hayakuwahi kufika madukani. Kwa nchi zenye fedha kidogo, gari lililoweza kujilipia lilikuwa lile lililobeba pamba, kahawa, saruji na mahindi.

Sababu ya tatu ni kufunguliwa kwa biashara. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu Watanzania wenye fedha za kigeni za kwao wenyewe kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walikozipata. Mfanyabiashara aliyesubiri miaka mingi hakuleta kwanza gari la kutembelea. Alileta pikapu, kwa maana pikapu ilianza kumrudishia fedha siku ile ile ilipotoka bandarini. Baadaye yakafuata magari yaliyotumika Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko upande wa kulia, kwa hiyo gari lao lililotumika hutufaa bila kubadilishwa. Mijini, Toyota Corolla na Mark II zikaipa saluni maisha mapya. Kwetu nyanda za juu za Kigoma hazikushamiri kama Dar es Salaam, kwa sababu zilikutana na sababu ya nne.

Sababu ya nne ni barabara na mzigo wa kwetu. Nchi ya Kasulu na Kibondo ni ya milima na mabonde, yenye mvua nyingi na udongo unaoteleza. Kwa miongo mingi barabara ya kwenda Nyakanazi ilikuwa ya udongo na changarawe. Mazao yetu ni mazito kwa thamani yake: mihogo, mahindi, ndizi, maharage, mawese. Mkulima wa dhahabu angeweza kuweka mavuno yake mfukoni, lakini mkulima wa mihogo anahitaji kasha.

Zaidi ya hayo, tulipokea wakimbizi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, watu wengi sana walivuka mpaka. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kambi ya Nduta, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena. Pamoja na wakimbizi yalikuja malori ya chakula na Land Cruiser nyeupe za mashirika. Malori hayo yaliokoa maisha. Lakini pia yalizichimba barabara, na barabara zilizochimbwa zikazidi kuikataa saluni. Vijana waliokua wakati huo walijifunza kwamba gari la mtu mwenye kazi nzuri ni refu, jeupe, lenye antena mbele. Hivyo haja na heshima zikaenda njia moja.

4. Huko mbali nako saluni inapungua

Huenda msomaji akadhani kwamba nchi zenye lami kila mahali zimeendelea na saluni. Sivyo. Mwezi Aprili 1908 kampuni ya Ford ilikuwa bado inaandaa gari lake la Model T, lililowapa watu wa kawaida motokaa. Miaka 110 baadaye, mwezi Aprili 2018, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba itaacha kuuza karibu saluni zake zote katika Amerika ya Kaskazini, na kubaki na gari la michezo la Mustang pamoja na pikapu na magari marefu ya familia yenye umbo la Land Rover. General Motors nao waliacha saluni moja baada ya nyingine, hata Chevrolet Malibu ikaisha kutengenezwa mwezi Novemba 2024. Pikapu za Ford za jamii ya F zimeongoza kwa mauzo kati ya pikapu zote za Marekani tangu mwaka 1977.

Je, Wamarekani wana mihogo ya kubeba? Wapo wakulima na mafundi wanaohitaji pikapu kweli. Lakini wengi huzitumia kwenda kazini na dukani, kasha likiwa tupu. Sababu zao ni nyingine, na yafaa tuzijue.

Kwanza ni ushuru. Nchi za Ulaya zilipoweka ushuru mkubwa juu ya kuku kutoka Marekani, Rais Lyndon Johnson alilipiza kisasi. Tangu mwaka 1964 pikapu zinazotoka nchi za nje hutozwa asilimia 25. Ushuru huo wa kuku uliwapa watengenezaji wa Marekani ukuta wa kuwakinga na washindani, na nyuma ya ukuta huo pikapu zikawa na faida kubwa kuliko saluni. Pili ni sheria ya mafuta. Baada ya shida ya mwaka 1973, Marekani ilitunga sheria ya mwaka 1975 ya kuwalazimisha watengenezaji wapunguze mafuta yanayonywewa na magari yao. Lakini pikapu na magari ya namna yake yaliwekewa kipimo chepesi, kwa kuwa yalihesabiwa kuwa magari ya kazi. Wenye viwanda waliona mlango uliobaki wazi, wakaupita. Tatu, mafuta yao yamekuwa ya bei nafuu kuliko ya Ulaya. Nne, watu hupenda kukaa juu na kuona mbali, na wazee husema ni rahisi kuingia na kutoka bila kuinama.

Mambo kama hayo yametokea Australia, nchi ambayo wamisionari wake wengi wa CMS walifanya kazi katika sehemu zetu. Waaustralia walikuwa na saluni zao wenyewe, wakazishangilia kama watu wanavyoshangilia timu za mpira. Ford Falcon ya mwisho ilitoka kiwandani tarehe 7 Oktoba 2016, na Holden Commodore ya mwisho tarehe 20 Oktoba 2017. Mwaka huo wa 2016 gari lililouzwa kuliko yote nchini humo lilikuwa pikapu, Toyota Hilux.

Duniani kwa jumla, Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kwamba mwaka 2023 magari yale marefu ya familia yalifikia asilimia 48 ya magari mapya yote yaliyouzwa. Saluni haijafa. Toyota wanaendelea kuuza Corolla na Camry. Lakini haiko tena mbele ya msafara.

Tuone basi tofauti. Kwetu sisi saluni ilirudi nyuma kwa sababu ya shimo la barabarani na gunia. Kwao ilirudi nyuma kwa sababu ya sheria, faida na kupenda ukubwa. Matokeo yanafanana machoni, lakini mizizi ni mbalimbali. Mtu wa Kasulu anayenunua gari kubwa kwa sababu ameliona kwenye picha za Marekani anaazima jibu la swali ambalo hakuulizwa.

5. Gharama anayoilipa mtu mwingine

Mwenye gari hulipa bei yake na mafuta yake. Lakini ziko gharama ambazo hulipwa na watu wasiokuwa na gari.

Gharama ya kwanza huwaangukia waendao kwa miguu. Saluni ikimgonga mtu mzima, mara nyingi humpiga miguuni na kumtupa juu ya boneti. Gari lenye boneti refu na wima humpiga kifuani au kichwani, na mtoto humpiga kichwani moja kwa moja. Mwaka 2023 taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi wake: magari ambayo boneti lake lina urefu wa zaidi ya inchi 40 kutoka ardhini, yaani kama mita moja, yana uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kumwua mtu anayegongwa kuliko magari yenye boneti la inchi 30 au pungufu lililoinama. Kwetu watoto hutembea kando ya barabara kwenda shule, akina mama hubeba kuni na maji, na mara nyingi hakuna njia ya miguu. Dereva wa gari refu hawezi kumwona mtoto aliye karibu kabisa na bampa. Kabla ya kuondoka nyumbani, azunguke gari lake kwanza.

Gharama ya pili huwaangukia wapandao juu ya mizigo. Hili tunalijua vizuri mno. Siku ya gulio pikapu hujazwa magunia, na juu ya magunia huketi watu, wengine wamebeba watoto. Springi huvumilia, na kwa sababu hiyo dereva hudhani gari zima limevumilia. Lakini uzito uliowekwa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona, breki huchelewa kushika kwenye mteremko, na likipinduka hakuna kitu cha kuwashikilia watu. Kasha la pikapu halina mikanda wala paa. Saluni yenye watu watano waliofunga mikanda inaweza kupinduka na watu wakatoka wazima. Ni kweli kwamba mara nyingi hakuna usafiri mwingine, na anayemwacha mtu njiani jioni huonekana hana huruma. Hata hivyo huruma isiyohesabu inaweza kuwa msiba. Ni afadhali kwenda mara mbili.

6. Lami inabadili hesabu

Sasa tumefika mahali ambapo somo hili linatugusa zaidi. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za ujenzi wa barabara ya lami kutoka Kabingo hadi Kasulu na Manyovu, zipatazo kilometa 260. Kazi iligawanywa vipande vinne: Kasulu hadi Manyovu, Kanyani hadi Mvugwe, Mvugwe hadi Njia Panda ya Nduta, na Njia Panda ya Nduta hadi Kabingo. Tumezoea kusema kwamba huku saluni haifai. Lakini sababu kubwa ya kauli hiyo ilikuwa barabara, na barabara ikibadilika yatupasa tuipime kauli upya.

Tayari wafanyabiashara wa usafiri wameipima. Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, si saluni wala si pikapu. Ni gari dogo na jepesi lenye buti refu lililoungana na chumba cha abiria, nalo lilibuniwa Japani kwa ajili ya kusambaza bidhaa. Noah nayo ni gari la familia lenye safu tatu za viti. Zimeenea kwa sababu zinajibu lile swali la zamani, "Mzigo nitauweka wapi?", bila kunywa mafuta kama lori. Twaweza kusema kwamba saluni haikutoweka kabisa. Imerudi ikiwa imebadili mgongo wake.

Tufanye hesabu moja ya mfano. Tuseme gari dogo hunywa lita 7 kwa kilometa 100, na gari kubwa la magurudumu manne hunywa lita 14. Kila moja litembee kilometa 12,000 kwa mwaka. Gari dogo litatumia lita 840, na kubwa lita 1,680. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita kwa ajili ya hesabu yetu, tofauti ni shilingi 2,520,000 kila mwaka. Hapo hatujahesabu matairi, ambayo kwa gari kubwa ni ya bei zaidi, wala kodi ya gari lililochakaa, wala spea.

Fedha hizo kwa miaka mitano ni shilingi 12,600,000. Je, gari kubwa litaleta kazi ya thamani hiyo? Kwa kikundi kinachosafirisha magunia ya mihogo kila wiki kutoka mashambani ambako lami haifiki, huenda jibu ni ndiyo, tena bila shaka. Kwa zahanati iliyo mbali na barabara kuu, ambako mama mjamzito hubebwa usiku wa mvua, gari la magurudumu manne ni uhai, na hakuna wa kulipinga. Kwa mtumishi anayekaa Kasulu mjini na kwenda Kigoma mara mbili kwa mwezi akiwa na mke na watoto watatu, jibu ni hapana. Kwake gari dogo litatosha, na siku ya kuhamisha vitu atakodi pikapu. Kukodi siku tano kwa mwaka ni rahisi kuliko kulisha gari kubwa siku 365.

Wala tusisahau kwamba lami ina hatari yake. Gari lililozoea mwendo wa pole kwenye changarawe sasa hukimbia. Pikapu ndefu iliyojazwa juu, ikienda mbio kwenye kona ya lami, hupinduka upesi kuliko ilivyokuwa ikizama kwenye tope. Tope lilituchelewesha, lakini pia lilitupunguzia mwendo.

7. Tunajifunza nini?

Kwanza, gari hufuata barabara na mzigo. Ukitaka kujua gari lipi linakufaa, usianze na gari. Anza na njia utakayopita mara nyingi, na kitu utakachobeba mara nyingi. Wengi hununua kwa ajili ya safari moja kubwa ya mwaka, kisha wakalipia safari hiyo kila siku.

Pili, kinachouzwa sana si lazima kiwe kinachofaa sana. Pikapu za Marekani zilisukumwa na ushuru wa kuku na mwanya wa sheria. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Tatu, ukubwa wa gari lako ni jambo la jirani yako pia. Anayetembea kando ya barabara hana kura siku unaponunua, basi umkumbuke wewe. Yesu alipozungumza juu ya mtu atakaye kujenga mnara, alisema hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Hesabu ya gari ina safu mbili: ile tunayolipa sisi, na ile wanayolipa wengine. Aliyejaza safu moja tu hajamaliza hesabu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika vikundi

1. Je, katika mtaa wetu ni magari mangapi yanabeba mizigo kila wiki, na mangapi hutembea kasha likiwa tupu?

2. Kama familia yako ingekuwa na fedha za kununua gari leo, ni njia ipi ambayo lingepita mara nyingi zaidi? Je, ni ya lami au ya udongo?

3. Kwa nini Peugeot 404 iliweza barabara mbaya, na saluni nyingi za baadaye haziwezi?

4. Tutawasaidiaje watu wa siku ya gulio wasipande juu ya magunia? Je, wanakijiji wanaweza kupatana na wenye magari juu ya safari ya pili au nauli nafuu?

5. Watoto wetu wanavuka wapi barabara mpya, na ni nani aliyewafundisha kuvuka?